Katika Chumba cha Dereva, Pwani ya Kaikoura

Wasomaji wengi wamepata kusafiri kwa garimoshi, lakini ni wachache mno waliopata kuketi mbele katika chumba cha dereva. Abiria huiona nchi ikipita ubavuni mwake. Dereva huiona ikimjia. Leo tutapanda treni ya mizigo katika nchi ya Nyuzilandi, tupate kujua kazi ya dereva ni nini hasa.

Kwanza, chukua ramani. Nyuzilandi ina visiwa viwili vikubwa. Kaskazini ya kile cha kusini utaona bandari ya Picton, na chini yake, pwani ya mashariki, mji wa Christchurch. Reli inayoiunganisha miji hiyo ni ya kilometa 348, na karibu kilometa 100 kati ya hizo zimebanwa baina ya milima na Bahari ya Pasifiki. Kuijenga kulichukua maisha ya watu. Kipande cha kwanza, Picton hadi Blenheim, kilifunguliwa mwaka 1875. Wajenzi wa kaskazini na wa kusini hawakukutana mpaka tarehe 15 Desemba 1945. Usishangae. Mlima Manakau, wenye urefu wa mita 2,608, uko karibu kabisa na ufuo.

Upana wa reli hiyo ni milimeta 1,067, yaani futi tatu na nusu, sawasawa na ule wa TAZARA, kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Reli nyembamba huweza kupinda sana, kwa hiyo katika nchi ya milima huwa na gharama ndogo.

Basi tupande. Kwa miaka mingi kazi hapa imefanywa na injini za dizeli ziitwazo DX, zilizotengenezwa Marekani na kuanza kuingia mwaka 1972. Kila moja ina uzito wa tani 97 hivi. Nyuma yetu pana msururu wa mabehewa yenye makontena. Dereva yu peke yake. Mbele yake pana mkono wa kuongeza nguvu, mikono ya breki, saa za kupimia hewa, na kifaa kinachomwamsha: kila baada ya muda mfupi hutoa ishara, naye asipoijibu, breki hujifunga zenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo msingi wa kazi yote. Gurudumu la chuma hugusa reli ya chuma mahali padogo tu, kama ukubwa wa sarafu. Chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo sababu injini moja huweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Lakini lililo rahisi kusukuma ni gumu kuzuia. Treni nzito ya mizigo ikienda kilometa 80 kwa saa huweza kuhitaji kilometa nzima au zaidi ili isimame. Na katika pwani hii, yenye mapindi na mahandaki, mara nyingi dereva haoni hata nusu ya umbali huo.

Labda utauliza, basi breki zina kazi gani? Breki za treni ni za hewa, kwa namna aliyoibuni George Westinghouse wa Marekani mwaka 1872. Bomba moja la hewa hupita toka injini hadi behewa la mwisho, na kila behewa lina tangi lake dogo. Wakati bomba limejaa, breki hulegea. Dereva akipunguza hewa bombani, hewa ya tangi husukuma vibao vya breki juu ya magurudumu. Angalia werevu wake: treni ikikatika vipande viwili, bomba hupasuka, hewa hutoka, na pande zote mbili hufunga breki bila kuambiwa na mtu. Lakini matangi huhitaji muda kujaa tena. Dereva anayefunga na kufungua ovyo katika mteremko mrefu atajikuta hana hewa ya kutosha.

Tena treni ni ndefu. Injini huweza kuwa inateremka kilima huku mabehewa ya nyuma bado yanapanda. Mbele panavuta, nyuma panarudisha, na viungo vya katikati huweza kukatika. Kwa hiyo dereva haendeshi mahali alipo. Anaendesha mahali atakapokuwa baada ya dakika mbili, na mahali hapo anapajua kwa moyo tu: kila pindi, kila daraja, kila mwinuko, hata usiku wa mvua. Hapewi treni peke yake mpaka aijue njia.

Kutoka Picton mlima huanza papo hapo. Tunapita mashamba ya mizabibu ya Blenheim, kisha ziwa Grassmere linalovunwa chumvi, na karibu na Wharanui bahari inatokea upande wa kushoto. Kuanzia hapo mgeni hana la kusema. Mawimbi yako chini ya dirisha, sili wamelala juu ya miamba, na kuliani ukuta wa mlima u karibu kiasi cha kudhani ungeweza kuushika. Mgeni hutazama sili. Dereva hutazama mlima, kwa kuwa hatari hutoka huko: jiwe moja juu ya reli, nyuma ya pindi, latosha.

Na mlima umewahi kuanguka. Tarehe 14 Novemba 2016, saa sita na dakika mbili usiku, tetemeko la nguvu ya 7.8 liliipiga nchi hii. Watu wawili walikufa. Ardhi ya pwani iliinuka mita moja au mbili, na mahali pengine zaidi, hata miamba ya chini ya maji ikabaki kavu. Vipande vya reli, pamoja na mataruma yake, vilisukumwa vikavuka barabara kuelekea ufuoni, na maporomoko yakafunika mahandaki. Mizigo ikabidi ipite kwa malori kwenye njia ndefu ya bara, kupitia Lewis Pass. Treni za mizigo zilirudi tarehe 15 Septemba 2017, miezi kumi baadaye. Kuta za kuzuia bahari zilijengwa, na nyavu za chuma zikawekwa milimani kukinga mawe.

Baada ya mji wa Kaikoura, ambao jina lake kwa Kimaori lina maana ya kula kamba wakubwa wa mwambani, bahari huendelea kidogo tu. Mbele zaidi ya kijiji cha Oaro reli huigeukia bara, na vilima vya Hundalee huanza. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote na mwendo unapungua. Mgeni huegemea kiti chake, akidhani safari imekwisha. Dereva ameanza kuhesabu hewa yake, maana ng'ambo ya kilima hicho pana mteremko.