Ndege yenye Injini Tatu

Tarehe 12 Februari 1925 ndege iliondoka Brussels, Ubelgiji, kuja Kongo. Rubani wake alikuwa Edmond Thieffry. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya lingine, na injini tatu: moja puani, mbili kati ya mabawa. Ilikawia njiani mara nyingi. Ilifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili.

Kalala wa Kamina alitaka kutengeneza mfano wake. Alichukua povu jeupe, gumu, lile linalozungushwa redio mpya sandukuni. Alilikata kwa kisu, akaliunganisha kwa gundi isiyoyeyusha povu. Akatia mota tatu ndogo, betri, na redio ya kupokea amri za mkono wake.

Siku hiyo hiyo akairusha. Ndege iliinua pua, ikasita, ikaanguka. Bawa likavunjika. Kalala akalia.

Kaka yake akamwambia, “Mdogo wangu, mkia ni mzito. Gawa upana wa bawa sehemu nne. Tia vidole mwisho wa sehemu ya kwanza, toka mbele, uinue ndege. Mkia ukishuka, usiirushe.”

Kalala akagundisha bawa, akasogeza betri puani, akapima tena. Kesho yake, kabla ya upepo, ndege ilipanda, ikazunguka, ikatua salama.

Haraka haraka haina baraka.

Maulizo
1. Ndege ya Thieffry ilikuwa na injini ngapi?
2. Kwa nini ndege ya Kalala ilianguka?
3. Alifanya nini ili iruke vema?