Nanga, Mnyororo na Umeme: Kuchagua na Kufunga Winchi ya Nanga katika Boti Ndogo

Boti yaweza kuwa na injini nzuri na nahodha hodari, lakini usiku wa upepo wa kusi, karibu na mwamba wa matumbawe, usalama wa wote waliomo hutegemea chuma kilicholala chini ya bahari na mnyororo unaokiunganisha na omo. Nanga ikianza kuburura hakuna nafasi ya kusitasita: yapasa ing'olewe upesi na kutiwa tena mahali pengine. Hapo ndipo mabaharia wawili waliochoka huvuta mnyororo kwa mikono gizani, juu ya sitaha iliyolowa maji. Na hapo ndipo migongo huumia na vidole husagwa.

Wazee wetu waliijua shida hiyo, ndiyo maana Kiswahili kina neno "duara" kwa mtambo unaozungushwa ili kuvutia amari. Makala haya yanakusudia kueleza duara la siku hizi, yaani winchi ya nanga inayoendeshwa kwa umeme wa betri. Mfano wetu ni boti ya uvuvi yenye urefu wa mita 10, injini ya dizeli na umeme wa volti 12.

Tuanze na bahari yenyewe

Winchi haichaguliwi kwa kutazama urefu wa boti peke yake. Huchaguliwa kwa mzigo itakaouvuta, na mzigo huo hutokana na kina cha maji. Katika pwani ya Tanzania na Kenya, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa yaweza kufika karibu mita 4. Nahodha anayetia nanga penye kina cha mita 5 maji yakiwa yamekupwa atajikuta penye mita 9 yakijaa. Omo ikiwa mita 1 juu ya maji, jumla ni mita 10. Ili nanga ivutwe kwa kulala badala ya kuinuliwa, mnyororo uwe kama mara 5 ya kimo hicho, yaani mita 50. Aliyehesabu maji ya kupwa tu atatoa mita 30, na bahari ikijaa atakuwa amebakiwa na mara 3. Hiyo ni sababu mojawapo ya nanga kuburura usiku.

Mnyororo wa chuma wenye unene wa milimita 8 una uzito wa kilo 1.4 hivi kwa kila mita. Mita 50 ni kilo 70. Tukiongeza nanga ya kilo 16, jumla ni kilo 86.

Nguvu ya winchi

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba mvuto wa juu kabisa wa winchi usipungue mara 3 ya uzito wa nanga na mnyororo wote. Kwa mfano wetu, 86 × 3 = kilo 258; basi tutafute winchi ya kilo 300 hivi.

Msomaji makini atauliza: mbona mara 3, hali mnyororo mwingi umelala chini na chuma hupungua uzito kikiwa majini? Ni kweli. Penye kina cha mita 10, kinachoning'inia ni mita 10 za mnyororo na nanga, yaani kilo 30 tu. Lakini winchi hupambana pia na msuguano wa mnyororo kwenye roda ya omoni, tope lililoishika nanga, mawimbi yanayoiinua omo ghafla, na upepo.

Tupime upepo. Boti yenye uso wa mbele wa mita 6 za mraba, ikipigwa na upepo wa mita 15 kwa sekunde, husukumwa kwa kani ya nyutoni 800 hivi, sawa na uzito wa kilo 80. Kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, kani huongezeka mara 4, ikawa kama kilo 320. Mota yetu haiwezi kuhimili hayo. Tangu hapa basi tushike fundisho la kwanza: winchi ni ya kuinua mnyororo, si ya kuvuta boti. Kazi ya kuisogeza boti kuelekea nanga ni ya injini.

Winchi ya kulala na winchi ya kusimama

Winchi za nanga ni za aina mbili. Katika ile ya kulala, mhimili wa gurudumu umelala na mtambo wote uko juu ya sitaha. Ni rahisi kuifunga, lakini mota hupigwa na maji ya chumvi, na mnyororo hulizunguka gurudumu kwa robo ya duara tu. Katika ile ya kusimama, mota hukaa chini ya sitaha na mnyororo hulizunguka gurudumu kwa nusu ya duara, hivyo hushikwa vizuri zaidi. Aina hii huhitaji nafasi ya kutosha chini: mnyororo uwe na angalau sentimita 30 za kuanguka hata lundo lake likiwa limejaa. Nafasi ikiwa ndogo, pete hurundikana chini ya tundu na mnyororo hukwama.

Pete za mnyororo lazima zilingane barabara na matundu ya gurudumu. Unene peke yake hautoshi. Minyororo ya milimita 10 inayofuata kipimo cha Ujerumani cha DIN 766 ina urefu wa ndani wa pete wa milimita 28. Ile ya kipimo cha kimataifa cha ISO 4565 ni milimita 30. Kwa macho ni mnyororo mmoja, lakini juu ya gurudumu la mwenzake huruka na kuponyoka. Chukua kipande cha mnyororo wako uende nacho dukani.

Umeme: waya ndio roho

Mota ya wati 1,000 kwa volti 12 huchukua ampea 80 na kitu, na zaidi ya hapo mzigo ukizidi. Kuvuta mita 50 kwa kasi ya mita 10 kwa dakika huchukua dakika 5, na matumizi ni chini ya ampea-saa 7. Betri nzuri haisumbuliwi na kiasi hicho, hasa injini ikiwa inanguruma na kuichaji. Shida ni ukubwa wa mkondo ndani ya waya.

Tuseme betri iko tezini, na waya una urefu wa mita 9 kwenda na mita 9 kurudi, jumla mita 18. Ukinzani wa shaba ni omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye eneo la milimita 1 ya mraba. Kwa waya wa milimita 16 za mraba:

0.0175 × 18 ÷ 16 = omu 0.0197

Zidisha kwa ampea 80: volti 1.6 hivi hupotea njiani. Hiyo ni asilimia 13 ya volti zetu, na wati 126 huwa joto la bure. Mota hudhoofika na waya hupata moto. Kwa waya wa milimita 35 za mraba, upotevu ni volti 0.72, yaani asilimia 6. Kwa milimita 50, ni asilimia 4 hivi. Tusiruhusu upotevu upite asilimia 10.

Karibu na betri iwekwe swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi. Ikiwekwa kule omoni, waya wote wa nyuma yake hauna kinga, na ukichubuka boti yaweza kuungua. Mkondo mkubwa usipite katika swichi ya mkononi: hupitia rilei, nayo huamrishwa kwa mkondo mdogo.

Kufunga

Winchi ikae katika mstari mmoja na roda. Chini ya sitaha liwekwe bao la mti mgumu, pana kuliko kitako cha winchi, ili kani isambae, na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kitako kikiwa cha aluminiamu, kitenganishwe na boliti kwa washa za nailoni na mafuta mazito, kwa maana metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ncha ya mwisho ya mnyororo ifungwe ndani kwa kamba imara inayofika juu ya sitaha, ili wakati wa hatari iweze kukatwa kwa kisu.

Matumizi

Nanga ikishakamata, mnyororo ushikwe na komeo lake au kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye nguzo ya omoni. Usiiachie winchi mzigo huo usiku kucha. Meno yake hayakuundwa kwa mishtuko ya mawimbi. Nanga ikikwama, kaza mnyororo ukiwa wima, funga komeo, uiache injini iing'oe. Mikono na nguo ziwe mbali na gurudumu. Na nanga itiwe mchangani: mnyororo unaoburuzwa juu ya matumbawe huvunja kwa saa moja makazi ya samaki yaliyojengwa kwa miaka mingi.

Zoezi

Boti nyingine ina umeme wa volti 24 na mota yenye nguvu ile ile. Je, waya wa milimita 16 za mraba, wenye urefu ule ule, utafaa? (Jibu: mkondo ni ampea 40, upotevu ni volti 0.8, yaani asilimia 3.3. Utafaa.)