KIVUKO CHA RANGI SITA

Kijana, simama kidogo! Usiitupe karatasi hii kabla hujaimaliza. Ni somo fupi, dakika tano tu, halafu uamuzi ni wako.

Bila shaka umewahi kuona picha za miji ya ng'ambo ambako zebra ya barabarani haikupakwa nyeupe, bali rangi za upinde wa mvua. Wapo wanaocheka wakiiona. Wapo wanaokasirika. Wengine wanapita zao. Lakini we jiulize: rangi ile inasema nini? Nani aliianzisha? Na mbona zipo serikali zilizotuma mafundi usiku wa manane kwenda kuifuta? Kama ni rangi tu, hasira yote hii ya nini?

1. KWANZA IJUE ZEBRA YENYEWE

Zebra ilianza kutumika rasmi Uingereza mwaka 1951. Kazi yake ni moja tu, kumwambia dereva kwamba hapa mwenda kwa miguu ana haki ya kupita. Dereva akifika pale hashushi kioo akauliza, "We nani? Kwenu wapi? Unampenda nani?" Anakanyaga breki, basi. Bibi mwenye fimbo anapita. Mtoto wa shule anapita. Mlevi anapita, hata mwizi anapita! Shika neno hilo, tutalihitaji mbele.

2. RANGI SITA ZILITOKA WAPI?

Katika kambi za Hitler, wanaume waliokamatwa kwa sababu ya kupenda wanaume walishonewa pembetatu ya rangi ya waridi kwenye nguo zao, ili kila mtu awajue na awadharau. Miaka mingi baadaye wapenzi wa jinsia moja waliichukua alama hiyo ya aibu wakaifanya kumbukumbu yao. Lakini bado ilikuwa alama waliyopewa na muuaji.

Ndipo Gilbert Baker, msanii wa San Francisco, Marekani, akabuni alama nyingine. Tarehe 25 Juni 1978 bendera yake ya upinde wa mvua ilipandishwa mjini humo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na rangi nane. Mwaka uliofuata zilikuwa zimebaki sita: nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu na zambarau. Kitambaa cha rangi ya waridi kilikuwa shida kupatikana kwa wingi, na rangi nyingine ikaachwa ili mistari igawanyike sawasawa. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo wa 1978, Harvey Milk, diwani wa San Francisco aliyejitangaza wazi kuwa anapenda wanaume, alipigwa risasi akafa pamoja na Meya George Moscone. Baada ya msiba huo watu wengi zaidi wakaitaka bendera ile.

Umeona? Watu waliilinda bendera hiyo kwa sababu ilikuwa na makaburi nyuma yake.

3. SYDNEY: WALIFUTA MOJA, ZIKAZALIWA NYINGI

Sasa twende Australia. Mwezi Juni 1978, siku moja tu kabla ya bendera ya Baker kupandishwa, watu waliandamana usiku katika barabara ya Oxford mjini Sydney. Polisi wakawakamata 53. Gazeti likachapa majina yao, anwani zao na kazi zao. Fikiria wewe: asubuhi mwajiri wako anakusoma gazetini, mama mwenye nyumba anakusoma, mama yako mzazi anakusoma! Wapo waliopoteza kazi. Ilichukua mpaka mwaka 2016 ndipo gazeti lile na bunge la jimbo vikaomba radhi.

Barabara hiyohiyo ya Oxford, Februari 2013, halmashauri ya jiji ilipaka kivuko cha upinde wa mvua kuadhimisha miaka 35 ya maandamano yale. Kikapendwa mno. Watu wakaja kupiga picha, wengine wakikaa na kulala katikati ya barabara. Serikali ya jimbo ikasema hapo pana hatari, na usiku mmoja wa Aprili 2013 mafundi wakakiondoa.

Basi mkazi mmoja wa jiji akachukua chaki akachora kivuko chake mwenyewe katika kichochoro. Picha ikasambaa. Watu wa miji mingine wakachukua chaki nao, hata nchi za mbali. Chaki haidumu, mvua ndogo tu inaiosha. Lakini waliendelea kuchora. Mwaka 2019 Sydney ikapata kivuko kingine cha kudumu, karibu na palepale.

4. ORLANDO: RANGI JUU YA DAMU

Hapa soma polepole. Tarehe 12 Juni 2016, mtu mwenye bunduki aliingia katika klabu ya Pulse mjini Orlando, jimbo la Florida, mahali ambapo wapenzi wa jinsia moja walikuwa wakikutana kucheza muziki. Aliua watu 49. Wengi walikuwa vijana, wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Simu za wazazi ziliita katika mifuko ya watoto ambao hawakuweza tena kupokea.

Mwaka 2017 kivuko kilicho karibu na klabu hiyo kilipakwa rangi sita, kwa idhini ya jimbo, ili anayevuka awakumbuke. Kikakaa miaka minane. Kisha Agosti 2025, usiku, idara ya barabara ya jimbo ikakipaka rangi ya kawaida. Asubuhi watu wakafika na chaki wakaijaza mistari upya. Ikafutwa. Wakachora tena. Polisi wakawekwa kulinda, na wapo waliokamatwa kwa sababu ya chaki.

Ndugu yangu, pale waliofiwa hawakuwa wakigombea fasheni. Walikuwa wakigombea kumbukumbu ya watoto wao.

5. WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Tuwe wa haki, tuwasikilize na wao.

(a) Wanasema alama za barabarani lazima zifanane ili dereva asichanganyikiwe. Julai 2025 Waziri wa Usafiri wa Marekani, Sean Duffy, aliwaandikia magavana wa majimbo akitaka barabara zisiwe na ujumbe wa siasa. Upande wa pili, uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na shirika la Bloomberg Philanthropies, uliohusu michoro ya barabarani kwa jumla katika sehemu 17, ulikuta ajali zinazowahusu waenda kwa miguu na wengine walio hatarini barabarani zimepungua kwa nusu.

(b) Watu wenye ulemavu wana neno lao. Mwaka 2021 mjini London baadhi yao walimwandikia Meya Sadiq Khan kwamba rangi nyingi chini zinawasumbua wasioona vizuri, hata mbwa wanaowaongoza. Mamlaka ya usafiri ikasimamisha vivuko vipya vya rangi kwanza. Hoja hii ni nzito. Haifai kumkumbuka mtu mmoja kwa kumkwaza mwingine.

(c) Wengine wanasema barabara ni ya umma, na wao kwa dhamiri yao hawakubaliani na ujumbe ule. Nao wana haki ya kusema.

Lakini angalia sana! Kubishana juu ya rangi ni jambo moja. Kumchukia anayevuka ni jambo jingine kabisa. Unaweza kusema, "Mimi sikubaliani na kivuko hiki," bila kumtemea mtu mate, bila kumrushia jiwe, bila kumchongea apoteze kazi.

6. JE, UPINDE SI WA NUHU?

Ndiyo, wengi huuliza hivi, tena kwa uchungu: "Wametuibia upinde wetu!" Basi fungua Mwanzo sura ya 9 usome mwenyewe. Utakuta ahadi ile haikufanywa na jamaa ya Nuhu peke yake. Ilifanywa na kila kiumbe chenye uhai juu ya nchi, kwamba gharika haitawaangamiza tena. Haikubagua. Basi mtu akiinua upinde huo huku akitamani mwenzake aangamie, bado hajaisoma ile sura.

7. JIPIME MWENYEWE

Usijibu haraka. Jibu ukiwa peke yako.

- Mtu akitajwa kwa kejeli kijiweni, mimi huwa nacheka na wenzangu, au nanyamaza, au nasema neno?
- Ningekuwa mwenye lile gazeti la mwaka 1978, ningechapa majina yale?
- Ningekuwa mzazi wa mmoja wa wale 49, ningeomba nini kwa wapita njia?
- Je, ninaweza kupinga jambo na bado nikamlinda mtu?

Miji itaendelea kupaka na kufuta. Leo chama hiki kinatawala, kesho kile. Rangi huchubuka kwa matairi, ikapauka kwa jua. Lakini mtu si rangi! Ukimfuta mtu kwa bunduki, hakuna chaki ya kumrudisha.

Kumbuka lile neno nililokuambia ulishike. Zebra, iwe nyeupe, iwe ya rangi sita, inatoa amri moja kwa kila dereva: simama, kuna mtu anavuka. Kijana, amua leo. Atakapopita mbele yako mtu usiyemwelewa, utakanyaga breki, au utakanyaga mafuta?

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi. Mpe mwenzako.