SOMO LA FAMILIA: MLONGE, MTI WA KUPANDA HATA UGENINI
Soma: Yeremia 29:4-7



Wengi wetu hapa Bujumbura tunakaa katika nyumba za kupanga. Tunajiuliza: nipande mti wa nini, ikiwa kesho naweza kuhama? Watu wa Yuda waliopelekwa Babeli nao walikuwa wageni. Yeremia aliwaandikia wapande bustani na kula matunda yake, katika nchi isiyo yao.

Mgeni anahitaji mti unaolisha mapema. Mlonge, ambao wengi huuita moringa, huanza kuchumwa majani baada ya miezi 3 au 4 tu.

Kwa nini unavumilia kiangazi?

Asili yake ni India, chini ya milima ya Himalaya. Ndugu zake hukua kaskazini mwa Kenya penye ukame, na hata jangwani kando ya Bahari ya Shamu. Mzizi wake mkuu huvimba na kuweka maji. Kuanzia Juni hadi Septemba, lengalenga zinapokauka, mlonge bado unaweza kutupatia mboga. Unapenda joto la bonde la Imbo na udongo wa mchanga. Adui yake ni maji yanayotuama. Walio Gatumba na Buterere, ambako mafuriko hufika, wapande juu ya tuta.

Namna ya kupanda

1. Omba kwanza ruhusa kwa mwenye nyumba.
2. Chimba shimo la sentimeta 40. Changanya udongo na samadi iliyooza.
3. Loweka mbegu usiku mmoja, uzipande sentimeta 2 chini. Huota kwa wiki 1 hadi 2. Kupanda tawi pia inawezekana, lakini mti wa mbegu una mizizi mirefu zaidi na huvumilia ukame vizuri.
4. Panda mvua zinapoanza. Mche mdogo bado unahitaji maji. Maji ya kuoshea mboga yanafaa.
5. Zungushia miiba, maana mbuzi wanaupenda sana.
6. Ukifika mita 1, kata ncha ili utoe matawi mengi, na majani yawe karibu na mkono wa mama.

Asiye na uwanja apande katika gunia. Mti utakuwa mdogo, lakini majani yatapatikana.

Namna ya kutumia

Pika majani kama mboga nyingine, pamoja na ndagala au maharagwe. Yana protini, madini ya chuma na vitamini A. Ya kuhifadhi yakaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini. Yatwange, uweke kijiko kimoja katika uji wa mtoto.

Angalieni: mizizi na magome yasiliwe, hasa na mama mjamzito. Wako wanaosema mlonge unaponya kila ugonjwa. Sivyo. Huo ni chakula. Asiache mtu dawa alizopewa na daktari.

Mti ukikomaa, kausha maganda yake na utunze mbegu. Siku ya kuhama, mti atakula jirani, na wewe utaondoka na mbegu mfukoni.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Yeremia aliwaambia wageni wauombee amani mji wanaokaa?
2. Ni familia gani jirani tunayoweza kuipa mbegu?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.