SOMO LA AFYA: JINO LIKISHAZIBWA LISAWAZISHWE



Wengi wetu hudhani kwamba tundu la jino likishazibwa kazi imekwisha. Sivyo. Seremala akishaunga meza huipiga randa na msasa ndipo aitoe. Daktari wa meno naye ana kazi hiyo hiyo, nasi yatupasa kuijua.

Kompoziti ni rezini iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Msingi wake ni uvumbuzi wa Rafael Bowen wa Marekani, ulioandikishwa mwaka 1962. Hutiwa jinoni ikiwa laini, kisha humulikwa kwa taa ya buluu ikawa ngumu. Baada ya hapo hufuata hatua nne:

1. Kupima. Mgonjwa huuma karatasi ya rangi na kusaga meno kushoto na kulia. Palipozidi hubaki alama.

2. Kupunguza. Alama hiyo husagwa kwa keekee ndogo huku maji yakirushwa, maana joto huumiza kiini cha jino. Mgonjwa huuma tena, mpaka meno yote yakutane sawa.

3. Kulainisha kingo. Ukingo uliotokeza hunasa chakula, na fizi hutoka damu. Kati ya meno hupitishwa utepe wa msasa.

4. Kung'arisha. Hutumiwa msasa wa kukwaruza kwanza, kisha ulio laini zaidi. Uso wenye mikwaruzo hushika uchafu na rangi ya chai.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu palipozidi hata kidogo hubeba nguvu ya taya peke yake. Jino huuma kila utafunapo, na huweza kupasuka. Tena ganzi hudanganya: ukiwa nayo huwezi kujua vizuri unavyouma, na katika taya la chini hukaa saa kadhaa.

Basi, ganzi ikiisha ukaona jino hilo linagusa kabla ya mengine, rudi upesi. Sema hivi: "Daktari, jino hili limezidi, naomba unipime kwa karatasi." Kusawazisha ni kazi ya dakika chache. Usingoje lizoee, wala usikubali kung'olewa jino zima kabla halijapimwa.

Tusiwasahau wenzetu wa kliniki. Kusaga kompoziti hutoa vumbi jembamba, kama mashine zetu. Nao wanastahili barakoa, maji na bomba la kufyonza.

Mwenzako akilalamika jino lililozibwa, mfundishe somo hili.