Ndizi, Vidonge na Moyo Unaoruka Mapigo

SWALI: Msomaji wa Nkwenda, Kyerwa, anauliza kama vidonge vya potasiamu na magnesiamu alivyoletewa na jirani vitautuliza moyo wake unaoruka mapigo.

JIBU: Asivimeze kabla ya kupimwa damu na umeme wa moyo. Madini hayo husaidia kuendesha umeme huo. Yakipungua, mapigo huvurugika. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama.

Kwa wengi, madini haya yako jikoni tayari. Sufuria ya Karagwe, yenye ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa na maharage, inayo yote mawili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku; gramu 100 za ndizi mbivu zina takriban 360. Mchuzi usimwagwe, maana sehemu ya madini huyeyukia humo.

Anayetumia furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, hupoteza madini hayo kwenye mkojo, hivyo daktari anaweza kumwandikia vidonge. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za spironolaktoni au enalaprili, potasiamu huweza kulundikana mwilini mwake. Huyo hata kiasi cha ndizi akiulizie kliniki.

Mwenye moyo unaoruka mapigo akizimia, akibanwa kifua au akikosa pumzi, awahishwe hospitali papo hapo.