Somo la Kumi na Moja: Membe na Kisiwa Chake

Mvuvi wa Fundo akitoka na ngalawa alfajiri, hutazama juu kabla ya kutazama maji. Akiona kundi la membe linazunguka na kujitupa baharini, hugeuza chombo kuelekea huko. Anajua kuwa jodari wako chini, wanawasukuma samaki wadogo juu, na membe wanawadokoa. Ndege hawa ni wenzetu kazini.

Lakini membe hatagi baharini. Hutaga nchi kavu, katika vijisiwa visivyokaliwa na watu. Katika pwani ya Afrika Mashariki wengi hutaga wakati wa kusi, kati ya Juni na Oktoba. Hajengi kiota mtini kama kunguru. Huweka yai moja au mawili juu ya jiwe au mchanga, basi. Huyalalia siku 23 hivi, na kinda hukaa karibu mwezi mmoja kabla ya kuruka.

Mwanakisomo mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nikichukua mayai mawili, bahari itapungukiwa nini?" Lilikuwa swali zuri. Nilimjibu hivi. Mtu anaposhuka kijisiwani, kundi zima huruka kwa makelele. Mayai yote hubaki wazi kwenye jua. Ukikaa hapo mpaka chai ichemke, yai huweza kuharibika ndani ya ganda lake. Kunguru naye hangoji kukaribishwa. Wewe umechukua mawili, lakini waliopata hasara ni kundi zima.

Yuko na panya. Huyu husafiri na sisi wenyewe, ndani ya magunia, makuti na nyavu za dago. Akishuka kijisiwani hula mayai na makinda usiku kucha. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilikuwa na panya. Mwaka 1997 waliangamizwa.

Sasa tutazame Maziwe, kisiwa kilichokuwa mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga humo. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi, lakini miti ilikuwa imekatwa. Hapakuwa tena na mizizi ya kushika mchanga, na mawimbi yakauchukua. Kufika miaka ya 1980 mwanzoni, kisiwa hakipo. Limebaki fungu linalofunikwa maji yakijaa. Yai litawekwa wapi hapo?

Hapa jirani, Kokota, miti ilikuwa imekwisha kwa shoka, na wenyeji wameipanda upya. Kwa hiyo kazi hii inawezekana. Tangu mwaka 2005 bahari yetu imo katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, na kamati za wavuvi zipo. Zinaweza kukubaliana mahali pa kupiga dago miezi ya kusi, na kukagua mizigo kabla ya kupakia.

Maswali ya mazungumzo
Wazee wanakumbuka vijisiwa gani vilivyokuwa na membe wengi zamani? Je, bado wapo?
Dago lenu hupigwa wapi wakati wa kusi?
Nani hukata miti ya huko, na kwa kazi gani?